Gari Tulilolifunika kwa Majani ya Migomba

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mjukuu wangu, nimesimama mlangoni kwetu Nyabusozi, unga wa muhogo umenijaa mikononi, nikasikia mngurumo unapanda kutoka barabarani. Haukuwa wa lori la pamba. Lori la pamba hata watoto walilijua kwa sauti. Huu ulikuwa mzito na wa haraka, kama wa kitu kidogo kilichokasirika. Kikatokea kigari cha rangi ya machungwa, kifupi, milango miwili ubavuni na mmoja nyuma unaofunguka kwenda juu, na ndani yake yumo babu yako Fabiani, anacheka peke yake.

Jana uliponionyesha kwenye simu picha ya gari unalotaka kununua, ukasema ni la mkononi, bei nafuu, dogo lakini lina mbio, mimi nilikurudishia simu nikaendelea kuchambua mchele. Ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nimerudi kule nyuma.

Babu yako alikuwa bwana shamba. Kwa miaka alizunguka vijiji vya pamba kwa baiskeli, jasho na vumbi. Gari lile alilinunua Ngara kwa mzungu mmoja, mpima miamba, aliyekuwa anarudi kwao. Ng'ombe aliopewa na baba yake waliondoka wote. Mzungu alimwambia kwamba gari lile halipendi kwenda polepole. Ukiliendesha kwa kulibembeleza, plagi zinashika masizi na linazima. Babu yako alinisimulia maneno hayo kama kijana anayemsifia mchumba.

Sitakudanganya, mwanzoni nilifurahi. Tulikwenda nalo kwetu Mabawe kuwasalimia wazazi wangu. Tulipofika mahali barabara imenyooka akakanyaga mafuta, nami nikashika kiti kwa mikono miwili, napiga kelele na kucheka kwa pamoja. Baba yangu alitoka nje, akaliangalia kwa muda mrefu, akauliza kama linakula majani. Tulicheka sana siku hiyo.

Lakini gari lile lilitengenezwa kwa ajili ya barabara za lami, na lami sisi tuliisikia tu kwa watu waliofika mbali. Tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi. Jiwe moja lilitoboa sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, babu yako akaliziba kwa sabuni ya kufulia, akamwomba Mungu. Springi ikikatika hapakuwa na duka la kupata nyingine. Petroli ilikuwa ya kutafuta kwa kibali na kwa kujuana. Mvua ikinyesha aliamka kwenda kuangalia kama maji yameingia. Mbuzi akikohoa aliamka. Nami nikaanza kuamka pamoja naye.

Na hizo zilikuwa siku za Ujamaa. Kijiji kizima tulilima shamba la pamoja, halafu mmoja wetu ana gari lake mwenyewe. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja akalizunguka, mikono ameifunga mgongoni.

"Bwana shamba, hili ni la ofisi?"

"Ni langu, mzee."

"Lako peke yako?"

Akaguna, akaenda zake. Mguno ule ulibaki nyumbani kwetu. Tukipita sokoni watu wakinong'ona, tulijua wanatusema sisi. Labda walikuwa wananong'ona bei ya dagaa. Hofu haiulizi.

Kisha vita ikaja. Tuliisikia redioni kwanza, halafu tukaiona barabarani: malori ya askari, mchana kutwa, yanakwenda kaskazini. Vijana wa kijiji waliandikishwa. Ikaja na habari nyingine, kwamba magari ya watu binafsi yanachukuliwa kwenda kusaidia kule mbele. Mwenye basi mmoja wa Biharamulo alikuwa ameshatoa lake.

Siku hiyo babu yako hakula. Jioni alilisukuma gari hadi ndani kabisa ya migomba, nyuma ya nyumba ya mama yake, akalifunika kwa majani. Majani ya migomba yakikauka yanageuka rangi na kuonekana, kwa hiyo kila baada ya muda alikata mengine mabichi, akayapanga upya juu ya yale makavu. Lundo likawa kubwa kama kibanda. Kazini alirudi kwenye baiskeli. Mtu akimuuliza gari liko wapi alisema limeharibika. Akaacha kukaa na wenzake kilabuni. Balozi akipita njiani, sisi tulijifanya hatumwoni.

Mama mkwe wangu alituvumilia. Alikuwa Msubi, mwanamke mrefu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Gari aliliita "gali". Asubuhi moja alimkuta mwanawe anakata majani, akakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha.

"Fabiani," alimwambia, "mimi nilihamishwa kule bondeni nikaletwa hapa kijijini. Nyumba yangu ilibaki wazi. Migomba niliyoipanda na baba yako ilibaki inazaa bila mtu. Nililia. Halafu nikajenga hapa, na leo nalala usingizi. Wewe gali lako bado unalo, na hulali. Kati yangu na wewe, nani amepotelewa?"

"Mama, wewe hujui mambo ya magari."

"Nakujua wewe," akasema, akainuka akaenda zake.

Siku chache baadaye, jua limeshapanda, nilikuwa nafua nikasikia babu yako anaita jina langu. Si kwa nguvu. Aliniita taratibu, kama mtu anayeogopa sauti yake mwenyewe. Nilimkuta amekaa kando ya lundo la majani, ameshika kifundo cha mguu wa kushoto. Kifutu, yule nyoka mfupi mnene, alikuwa amelala ndani ya yale majani makavu. Yeye alikanyaga pale bila kumwona.

Mguu ulianza kuvimba mbele ya macho yangu. Baiskeli isingemfikisha hospitali. Machela ingechukua nusu ya siku. Gari lilikuwepo pale pale, na dereva wake ndiye huyo aliyelala chini anatetemeka.

Mimi alikuwa amewahi kunifundisha kidogo, kwenye uwanja wa mpira wa shule. Alihitaji mtu wa kukanyaga mafuta wakati yeye amelala chini ya gari akisikiliza injini. Barabarani nilikuwa sijawahi kuliingiza. Nilimwambia mama mkwe, "Mama, siwezi."

Yeye alikuwa ameshaanza kuyatupa majani huku na huku kwa mikono mitupu, bila kujali kama ndani yupo nyoka mwingine. "Utaweza njiani," akasema.

Tulifungua mlango wa nyuma, tukalaza kiti, tukampakia. Mama mkwe akaingia akamshika kichwa. Niliwasha. Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Nikawasha tena. Nikiliendesha polepole lilikohoa na kutaka kufa, ndipo nikayakumbuka maneno ya yule mzungu, nikakanyaga. Mwanangu, sijui nilifikaje barabara kuu. Najua nilikuwa nasali kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, kwa sauti, na usukani uliteleza mikononi kwa jasho. Kila nilipogonga jiwe babu yako aliguna, nami nikashukuru, maana kuguna ni kuwa hai.

Karibu na mjini tukakuta kizuizi. Gogo limelala barabarani, lori pembeni, askari wenye bunduki. Nilikanyaga breki, nikasahau klachi, gari likazima mbele yao. Watu tuliokuwa tunawaficha gari wiki zote zile, sasa nimewapelekea mwenyewe.

Kijana mmoja aliinama dirishani. Alipomwona mama mkwe akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nyoka amemuuma huyu."

Mkubwa wao akaja. "Gari la nani?"

"La mume wangu," nikasema. "Ndiye huyo."

Yule kijana akauliza, "Afande, tulichukue likishamfikisha?"

Mkubwa akalitazama kwa mara ya kwanza kama gari. Akaingiza buti chini ya tumbo lake, likagoma kupita. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Tulipeleke wapi? Kule malori yenyewe yanazama. Hili litakwama kabla hatujaliaga. Toeni gogo."

Nikageuza ufunguo, kimya. Tena, kimya. Nilianza kulia. Ndipo nikasikia mikono inapiga bati nyuma yangu, na sauti inaniambia, "Weka gia ya pili, mama, ukisikia linakwenda achia klachi!" Askari wote wale walikuwa wamejipanga nyuma ya gari letu, wanasukuma.

Hospitali walimchoma sindano, wakamlaza. Siku ya kwanza hakujua yuko wapi. Siku ya pili alifungua macho, na neno lake la kwanza halikuwa la kunitaja mimi wala mama yake.

"Gari limechukuliwa?"

"Wamelisukuma," mama mkwe akamjibu.

Hakuelewa, naye hakumfafanulia. Aligeuka ukutani, mabega yanatikisika, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia.

Mguu ule haukunyooka tena. Klachi haikuwezekana. Basi mimi ndiye niliyemwendesha kwenye vijiji vya pamba, na gari lililala uwanjani, wazi, kila mtu analiona. Balozi alipanda siku moja na mkewe kwenda kliniki. Alipofika akashika mlango muda mrefu, akasema linakimbia vizuri. Gia zilipokatika na hapakuwa na za kubadilisha, tulimpa fundi mmoja injini, akaendeshea mashine ya kusaga. Sikusikitika sana.

Mwanangu, sikukatazi kununua gari lako. Mbio ni tamu, mimi mwenyewe nazijua. Lakini kabla hujatoa hela, lala chini ulitazame tumbo lake, kisha kaitazame barabara ya kwenu. Mtafute fundi atakayelitengeneza, umwone kwa macho, usiambiwe tu kwamba yupo. Mkeo mfundishe kuliendesha vizuri, barabarani, si uwanjani. Na ukijikuta siku moja unamkwepa jirani kwa sababu ya kitu ulichonunua, au unaamka kila mbwa akibweka, jua kimeshaanza kukuendesha wewe. Hapo kitoe nje watu wakione. Kikichukuliwa, utalia, utajenga tena, utalala. Mama mkwe wangu alilala vizuri mpaka kufa kwake.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe safari ndefu na moyo mwepesi, na kila utakapokwama, akupelekee watu wa kukusukuma.