Hema Nililojipimia Mwenyewe

Bado naiona alasiri ile, mwanangu, upepo wa Ufipa ukizilaza nyasi upande mmoja, taratibu, kama mkono unaopapasa mgongo wa ng'ombe. Ilikuwa miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, maduka ya Sumbawanga yakajaa vitu tusivyowahi kuviona. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na miguu iliniwasha. Mpakani Kasesya nilikuwa nimewakuta wasafiri na hema la mviringo, kama nusu ya chungwa iliyofudikizwa, likishikiliwa na fito fupi zilizounganishwa pembetatu kwa pembetatu. Tangu hapo sikuota kitu kingine.

Nilimwahidi Kristina, mchumba wangu wa Kaengesa, kwamba tukishaoana tutauzunguka uwanda kwa miguu, tukilala popote jua litakapotuacha. Alikubali, ila alitaka kwanza alione hilo hema.

Nikakata mianzi membamba, nikaiunga kwa vipande vya mpira wa maji, nikashona nailoni ya kijani juu yake. Alasiri ile nikalisimamisha shambani kwetu Mollo, ulezi ukiwa umeshavunwa. Upepo ulilisukuma, wala halikutikisika. Ndani mwanga ulikuwa wa kijani, kama tuko chini ya maji.

Kristina, aliyekuja kuliona, akatangulia kuingia, akajinyoosha, akafumba macho. Nilipoingia mimi, ikabidi akae, magoti kidevuni.

"Deo, ulipimia nini?"

"Nililala chini, nikaweka alama kichwani na miguuni."

Akacheka sana. "Ulilala peke yako! Basi lioe hilo hema."

"Nitaongeza kidogo upande wako."

"Haya, ongeza nione."

Nikabadilisha ufito mmoja, nikaweka mrefu. Kuba lote likapinda, fito za jirani zikachomoka. Hema la namna ile, fito zake zinategemeana. Ukitaka nafasi zaidi, unakata zote upya.

Kristina akaacha kucheka. "Mimi sitaki kuwa kiraka. Ukilikata upya, nakuja. Ukiona ni kazi, safiri salama, mimi nabaki kwa baba."

Akaondoka. Nikalala ndani peke yangu mpaka jua likashuka. Lilinitosha kabisa, mwanangu, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Kesho yake nikalifumua. Nikamwita Kristina, tukalala nyasini wawili, shangazi yake akituwekea alama kwa mpini wa jembe huku akigomba: "Sogeeni mbali, hamjaoana bado!" Ndiyo maana hema lile likawa na nafasi nzuri. Lilikuwa zito zaidi; tulipooana tukauzunguka uwanda tukilibeba kwa zamu, na asubuhi nyingi tuliamka ukungu umetuzunguka, hatujui dunia inaanzia wapi.

Ukitaka kuishi na mtu, mwanangu, usimtafutie kapembe katika maisha uliyojikatia peke yako. Hata kama yanapendeza, yafumue, muanze wote wawili. Utachelewa kuondoka, nami sikufichi, utaumia kidogo. Lakini ondoka naye. Mungu akupe njia ndefu na usingizi mzuri, na kila kunapokucha, ugeuke umkute yupo.