Kuku wa Karibu na Reli

Mama alikuwa ameteremka kutoka Mwanda kuja Voi kupimwa macho, nami nilikuwa nimeapa kumpikia chakula cha mchana cha heshima. Tuliporudi kwangu kutoka kliniki, mfereji ulikuwa umekauka na mitungi haikuwa na tone. Aliyewahi kukaa Voi hatashangaa.

"Twende tukale nje," nikamwambia.

"Nje wapi?"

"Hapo chini, karibu na reli. Kuna hoteli ndogo. Nasikia wana kuku."

Nilikuwa sijawahi kuingia. Kila asubuhi nikienda kazini naona mabati, pazia la maua mlangoni na moshi, nikidhani ni mahali pa chai na mandazi tu. Mama alivaa viatu vyake shingo upande. Njiani kote alinisomea mashtaka dhidi ya kuku wa mjini: nyama kama sponji, mifupa kama mabua, ladha hakuna. Yeye hufuga kuku wake mwenyewe, na hupika mchuzi ambao mtaa mzima huujua kwa harufu.

Mwenye hoteli alikuwa mama mnene mchangamfu aliyekuja Voi kutoka Kakamega zamani, mumewe alipopata kazi ya reli. Alitukaribisha, akafuta meza iliyokuwa safi tayari.

"Kuku wako ni broila?" Mama akamuuliza, hata salamu haijapoa.

"Mama, mimi ni Mluhya," akajibu. "Kwa kuku hatufanyi mzaha."

Sahani zikaja: kuku wa kukaanga, rangi ya kahawia iliyokolea, ugali, sukuma wiki na kachumbari yenye pilipili. Nilimega kipande cha kwanza. Ngozi ilivunjika kwa mlio kama biskuti, na ndani nyama ilikuwa na unyevu, imekolea chumvi, tangawizi na saumu mpaka kwenye mfupa. Nikamtazama Mama. Mashtaka ya njiani yalikuwa yamekwisha. Alikula paja, akavunja mfupa, akaunyonya, kisha akavuta sahani yangu karibu kidogo, eti anaangalia kachumbari.

Mwenye hoteli akarudi na kisahani. Juu yake palikuwa na firigisi.

"Kwetu hii ni ya mzee wa nyumba," akasema. "Leo mzee ni wewe."

Hapo Mama akalainika kabisa. Akataka kujua siri. Mwenye hoteli hakuficha: kuku wa kienyeji huchemshwa kwanza na viungo, polepole, akaachwa apoe ndani ya supu yake, halafu hukaushwa vizuri ndipo aingie kwenye mafuta moto.

"Ukimkaanga mbichi, utatafuna raba."

"Na kuku mwenyewe unamtoa wapi?"

"Siku ya soko. Nanunua kwa kina mama wanaoteremka kutoka Wundanyi na huko Mwanda."

Mama aliweka mfupa chini, akanigeukia, uso umeng'aa. "Umesikia? Nilijua! Huyu ni kuku wetu."

"Kuku ni wenu," mwenye hoteli akacheka, "lakini mkono ni wangu."

Walibishana hivyo kwa furaha mpaka chai ikaletwa bila kuagizwa, na tulipoaga walikuwa wameshabadilishana nambari za simu. Mama alifungiwa vipande vya kumpelekea Baba.

Kesho yake jioni Baba akanipigia simu. Nilimsikia akitafuna.

"Mama yako anasema kuku huyu alimpika mwenyewe, hapo kwako. Ni kweli?"

Nyuma yake Mama alikuwa anakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

"Baba," nikasema, "wewe kula tu."