Pombe ya Kumtoa Christophe Matangani

Christophe alikuwa hajanyoa tangu alipomzika mkewe Régina. Nywele zilimshuka masikioni, nyeupe na chafu, ndevu zikafunika kola ya shati, na watoto wa kijiji chake, Wamaza, walipomwona akienda shambani walinyamaza mpaka apotee. Hakuna aliyekula naye sahani moja. Katika ukoo wa Régina, mwanamume aliyefiwa hubaki na uchafu wa msiba mpaka kaka wa marehemu amnyoe kwa mkono wake mwenyewe. Kaka huyo alikuwa mzee Bulaimu, na Bulaimu hakuwa mtu wa kushika wembe kabla ya kunywa pombe.

Tena si pombe yoyote. Siku ya maziko, udongo ukiwa bado mbichi, Bulaimu aliegemea fimbo yake akasema mbele ya watu wote:

"Dada yangu alivimba tumbo, akakauka mikono, akakufa. Mimi sisemi neno. Lakini ninyi wote munajua nani alikuwa anamupa chakula. Shemeji, utaniletea pombe ya ndizi, ile ya mikono ya mwanamuke. Ya chupa sitaki, lutuku sitaki. Mwenye kuikamua ataonja wa kwanza mbele yako. Wewe utaonja mbele yangu. Halafu mimi nitakunywa. Nikikunywa, maneno iko imekwisha, nitakunyoa."

Wazee waliokuwapo walielewa mara moja. Zamani pombe ilitembea kutoka mdomo hadi mdomo. Kila aliyeitoa alianza yeye, ili anayepokea ajue kwamba ndani hakuna kitu kibaya, na mdomo wa mpishi ulikuwa ndio kiapo cha kwanza. Aliyekunywa bila kumwona mpishi akionja alihesabiwa kuwa mjinga au mlevi. Siku hizi watu wanafungua chupa iliyozibwa na mashine mji wa mbali, na mtu wasiyemjua jina wala sura, halafu wanaona wameendelea.

Ugumu ulikuwa mmoja. Mwanamke wa mwisho kukamua ndizi pale kijijini alikuwa Régina mwenyewe. Yeye ndiye aliyejua kuivisha mikungu ndani ya shimo la majani, kuikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, kutia unga wa nafaka iliyokaangwa, kufunika na kungoja. Wenzake wengine walikimbia vita wasirudi. Wengine walifuata wachimba dhahabu wakawauzia lutuku, yaani gongo, maana lutuku inalewesha upesi na mchimbaji hana subira. Migomba nayo ilipatwa na ugonjwa, majani yakageuka manjano, watu wakaikata wakapanda muhogo.

Christophe alijaribu kukamua mwenyewe, akijificha nyuma ya nyumba kama mwizi, kwa sababu hiyo haikuwa kazi ya mwanamume. Alipata siki. Akaimwaga, akapiga mtumbwi wa mkewe teke, kisha akainama kuufuta kwa kiganja.

Ndipo alipomwita Ismaël, kijana mwenye pikipiki, ampeleke Kasongo. Mji mkubwa, alijiambia, haukosi mwanamke mmoja anayekumbuka.

"Kasongo, baba?" Ismaël alisema akimfungia bidoni, dumu la njano la kubebea pombe, nyuma ya kiti. "Unaenda kutafuta pombe mahali kuko misikiti mingi hivi? Ungeniambia tende, ningekupeleka bila kuuliza."

"Wewe endesha. Hakuna aliyekuambia ukunywe."

"Mimi sikunywi, ndiyo maana ninaendesha vizuri. Shika sana, njia iko ya matope."

Walifika wamechafuka mpaka kwenye nyusi. Ismaël aliijua Kasongo, akamtembeza. Nganda ya kwanza, baa ya karibu na soko, ilikuwa na viti vya plastiki na muziki wa kupasua kichwa. Binti aliyehudumia alimwekea Christophe chupa mezani kabla hajaketi.

"Nataka ya ndizi, mwanangu."

"Ya ndizi?" Binti aliwageukia wenzake. "Muzee huyu anasema ya ndizi. Papa, hiyo ni ya kijiji. Hapa tuko mujini."

"Na hii nani ameionja?"

"Umuulize mwenye kiwanda," alijibu, na meza nzima ikacheka.

Ya pili ilikuwa kibanda cha maturubai walikouza vinywaji vikali ndani ya vifuko vya plastiki, vidogo kama vya shampuu. Wanaume walivirarua kwa meno, kila mmoja peke yake, uso ukutani, kama watu wanaomeza dawa. Christophe alisimama mlangoni akiwatazama. Katika maisha yake alikuwa ameona watu wakilewa, wakipigana, wakianguka mtoni. Watu waliokunywa bila kuongea ndiyo kwanza awaone. Hakuingia.

Ya tatu ilimpa matumaini. Mama mmoja alikuwa amechora mgomba ukutani kwa mkaa. Akamimina kwenye kikombe, akaonja mwenyewe bila kuombwa, akampa. Christophe alipoitia mdomoni alisikia sukari ya duka, hamira ya mikate, na sukari nyingine iliyounguzwa ili ilete rangi. Ndizi haikuwamo hata kwa jina.

"Ndizi iko wapi, mama?"

"Ndizi iko ukutani," mama alisema, wala hakuona haya. "Unataka nifanye nini, muzee? Niivishe mikungu mingapi, na mikungu yenyewe imekufa? Watu wanataka kulewa. Nawapa wanachotaka."

Walipotoka, Ismaël hakufanya utani. Aliuliza mtu kwa mtu, wapanda baiskeli, wauza makaa, mpaka mmoja akamwambia kuna mjane nyuma ya misioni, anaitwa Véronique, anayepikia wazee wachache wa kanisani wasiotaka kingine.

Harufu iliwapokea kabla ya nyumba. Christophe alisimama njiani, akashika uzio. Ilikuwa harufu ya ndizi iliyoiva gizani, moshi kidogo, na ule ukali mwembamba unaokuja nyuma. Ilikuwa harufu ya nguo za Régina. Ismaël alijifanya anatazama gurudumu.

Mama Véronique alikuwa mnene, mwenye mikono iliyofubaa kwa utomvu wa ndizi mpaka kwenye viwiko. Mtumbwi wake ulikuwa jikoni, umefunikwa majani, na chini yake makaa yaliyofunikwa majivu. Alimkaribisha kigoda, akasikiliza habari yote bila kumkatiza, akatikisa kichwa aliposikia juu ya tumbo la Régina.

"Pole, baba. Nitakujazia bidoni. Imeiva leo."

Akachota kwa kata. Christophe akaonja tone, akafumba macho. 

"Sasa onja wewe, mama. Mbele yangu. Ndiyo inayonileta."

Mama Véronique aliweka kata chini.

"Mimi sikunywi tena."

"Sisemi ukunywe. Onja tu."

"Kuonja na kukunywa iko sawa mbele ya Mungu." Alimwita mjukuu wake aliyekuwa akicheza uani. "Laura, kuja. Huyu, baba, alikuwa anaanguka. Anaanguka motoni, anaanguka majini, ananguruma kama mnyama. Tumemupeleka kila pahali. Kwenye maombi waliniambia niape, nisitie pombe kinywani tena, hata tone, na mutoto atapona. Nikaapa. Tangu siku ile hajaanguka."

"Lakini unaipika."

"Ninaipika kwa sababu lazima ale. Kupika sikuapa."

Mtoto alikuwa na kovu la moto kuanzia shavuni hadi shingoni. Alimtazama Christophe, akatazama zile nywele, akajificha nyuma ya sketi ya nyanya yake.

"Mama, wananisema nimeua muke wangu," Christophe alisema polepole. "Mdomo wako tu ndio unabaki."

"Najua, baba."

"Tone moja. Ncha ya jani tu."

"Nikionja, na huyu akaanguka kesho, utakuja kuniinulia?"

Wote wawili walimtazama mtoto, mama akiwa amefungwa na kiapo chake, Christophe na neno la shemeji yake. Mwishowe mama Véronique alijaza bidoni mpaka shingoni, akaacha kifuniko, akaziba mdomo wa bidoni kwa jani la mgomba lililokunjwa ili pombe ipumue isipasue chombo. Hakutaka kupokea chochote. Christophe alimlazimisha apokee kuku aliyemleta kutoka Wamaza.

Walirudi kwa njia ileile, wakapita Wamaza bila kusimama kulala, kwani pombe ya ndizi haivumilii safari, na Bulaimu alikaa mbele zaidi, upande wa Kabambare. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja alilichomoa lile jani, akanusa, akajimiminia kikombe kizima, kisha akawafungulia kamba.

"Baba," Ismaël alisema walipokuwa mbali, "basi tumeshapata muonjaji. Sema ameonja, na tena iko na bunduki."

Christophe alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maziko, na kicheko kilimtoka kibovu kama kikohozi.

Baadaye, wakisukuma pikipiki kwenye tope, kijana alisema kwa sauti nyingine:

"Lakini kweli, sema yule mama ameonja. Nani ataenda Kasongo kumuuliza? Mimi sitasema. Naweza hata kunyamaza mpaka kufa."

Christophe alilifikiria neno hilo njia yote. Lilikuwa neno fupi, ameonja, na lingetosha kumrudishia sahani ya majirani, kiti chake kwenye mikutano, kichwa chepesi. Akajizoeza kulitamka kimoyomoyo. Kila alipolitamka alimwona Régina siku za mwisho, akiwa amelala ubavu, akimwomba hata funda moja la pombe yake mwenyewe ili asikie ladha kinywani, na pombe haikuwapo, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa mpishi.

Bulaimu alikuwa ameketi barazani, amezeeka kuliko siku ya maziko, miguu imevimba. Wanawe wawili wakubwa, Moustapha na Jean-Marie, walikuwapo pamoja na wake zao. Kigoda kiliwekwa, kikombe cha kibuyu kikaletwa, na juu ya mkeka wembe mpya ndani ya karatasi yake. Christophe aliuona wembe kabla ya kuona kitu kingine.

Aliondoa jani. Harufu ikatoka, ikaenea barazani, na mzee Bulaimu, aliyekuwa anataka kusema, akainamisha pua kuelekea bidoni.

"Ni ya Régina," alisema hatimaye.

"Ni ya mama mmoja wa Kasongo, shemeji. Lakini hata mimi nilifikiri hivyo."

Christophe alimimina, akanywa mbele yake, akafuta ukingo wa kibuyu kwa kidole, akampa. Bulaimu alikishika kwa mikono miwili. Pombe ikamwagika kidogo juu ya goti lake.

"Huyo mama ameonja mbele yako?"

Kuku waliparua uani. Ismaël, akiwa amesimama kando ya pikipiki, alitazama mbali.

"Hapana, shemeji," Christophe alisema. "Amekula kiapo kwa ajili ya mutoto mugonjwa. Hakuonja."

"Hakuonja."

"Hakuonja. Nilimuomba sana."

Bulaimu aliendelea kushika kibuyu karibu na pua. Alivuta pumzi, akaishikilia, akaitoa. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika.

"Baba, kunywa tu," Moustapha alisema. "Pombe ni pombe. Tumechoka na maneno haya. Mutu anatembea kama kichaa, watu wanatucheka."

"Nilisema kaburini mbele ya watu," Bulaimu alijibu. "Nikikunywa hii, niliyoyasema pale yatakuwa upuuzi, na dada yangu alizikwa na upuuzi." Akamwangalia Christophe. "Shemeji, kuko mwanamuke mwingine?"

"Hakuna. Nimetafuta. Huyo ndiye wa mwisho."

"Basi."

"Nilikuwa naweza kukudanganya."

"Najua. Ndiyo sasa naamini hukumuua." Bulaimu alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea na goti lake. "Lakini sina namna ya kukunyoa. Hawa wote walisikia. Kuamini kwangu peke yangu hakutoi mutu matangani."

Akaweka kibuyu chini, kikiwa kimejaa. Wembe ukabaki ndani ya karatasi.

Vijana hawakungoja. Jean-Marie alilibeba bidoni hadi nyuma ya nyumba, akaita rafiki zake. Walionja, wakasema ni tamu mno kama uji wa watoto, wakatia lutuku ndani ili iamke, wakanywa kwa vikombe vya plastiki huku redio ikiimba. Kazi ya mikono ya mama Véronique iliisha hivyo, kabla ya jua kuinama. Wazee wawili walikaa barazani wakiwasikiliza.

Christophe alipoinuka kwenda, alifuata bidoni lake. Lilikuwa tupu, limelala kwenye majani. Alipolileta mbele ili alifunge kwenye pikipiki, Bulaimu aliinua fimbo.

"Hilo uniachie, shemeji."

"Iko tupu."

"Najua iko tupu. Uliweke hapa kwenye mkeka ninaolalia, karibu na kichwa changu. Usilizibe, harufu itoke."

Christophe aliliweka pale alipoonyeshwa, mdomo wazi kuelekea mto wa kulalia. Kisha akapanda pikipiki nyuma ya Ismaël, akakusanya ndevu zake ndani ya shati ili upepo usizipige, wakashika njia ya Wamaza.