Chai ya Mafichoni

Fundi cherehani ameacha pombe, ila mikono yake bado haijapata habari. Chupa ya chai anaificha palepale alipokuwa akificha pombe, kwenye mfuko wa ndani wa koti la mteja ambaye hajalifuata. Huchungulia mlangoni, akapiga funda moja, akatafuna karafuu, kisha akamwambia mkewe, ambaye hata hajamuuliza kitu, "Mama watoto, sijagusa." Leo alipotoka kununua vifungo, mkewe akaikuta chupa. Akaifungua, akanusa, akaonja, akajibwaga juu ya vitambaa. Chai, tena imepoa. Miaka yote alichokikuta alikimwaga. Safari hii akaipasha moto, akairudisha kotini, akatoka kwa kunyata asije akafumaniwa.