Nilificha Nyuso, Nikasahau Makarai

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, naishi Geita na mama yangu mzazi. Najitolea kwenye kikundi kidogo cha afya, naandika blogu yetu. Nyie mnaopenda kutukana kwenye komenti, leo nihurumieni, nimeshajitukana vya kutosha.

Mama alikuwa akifanya kazi mwaloni, pale wanapoosha mchanga wa dhahabu. Ameshika zebaki kwa mikono mitupu tangu sijazaliwa, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Siku hizi mikono inamtetemeka mpaka chai inamwagika. Roho iliniuma, nikaandika kwenye blogu kuwaombea kina mama wa mwaloni glovu na mafunzo. Majina sikutaja, hata langu, na kwenye picha nikakata vichwa vyote. Kisha nikaweka kiungo kwenye mtandao mmoja ambako mashirika huhifadhi makala ili wengine wazikute. Wee! Ikasambaa. Watu wakahifadhi, wakapongeza, nikajiona nimefika.

Kumbe makarai ya kuoshea mchanga nimeyaacha pichani! Huku kila mwenye mwalo hupaka makarai yake rangi ili yasiibiwe, na ile bluu ya tajiri aliyewaajiri kina mama inajulikana mji mzima. Akaonyeshwa picha kwenye simu. Kesho yake akawafukuza wote: "Sitaki wanawake wa kuniletea maneno na serikali hapa!" Nikafuta makala siku ileile, lakini wapi. Watu nisiowajua walishahifadhi nakala, na picha bado inazunguka.

Sasa mama anashinda mlangoni, mikono mapajani. Juzi Mama Doto, mwenzake wa mwaloni, alikuja akasema, "Huyo aliyetuandika asipate amani." Na mimi nikaitikia amina, jamani, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alipoondoka, mama akaniita. "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu, una kompyuta. Nitafutie huyo mtu. Simfanyi kitu. Nataka nimuulize tu, tulimkosea nini."

"Sawa, mayu," nikasema.

Tangu hapo kila jioni nikirudi, nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, halafu ananiuliza, "Umempata?" Namjibu bado. Ananipa pole kwa kuhangaika, ananipakulia ugali kwa mikono ile inayotetemeka, nami nakula huku machozi yananilengalenga.

Ndugu zangu, nipeni neno. Leo jioni ataniuliza tena. Nimwambie nimempata?