Mazutu ya Marehemu

Ungenisimulia wewe, mimi nisingekuamini, kwa hiyo sikulaumu. Lakini nilikuwepo, mikono yangu imejaa mafuta, na kaka yangu sasa yuko kaburini Kamembe. Tena usidhani ilikuwa usiku. Ilikuwa mchana, baada ya swala ya alasiri, mvua ikinyesha nyepesi.

Kaka yangu aliitwa Saidi. Mimi nilimwita Yaya, kwa sababu kwetu ndivyo tunavyomwita mkubwa. Tulikuwa na kamioneti kuukuu la mazutu, dizeli kama mnavyosema wengine, na kazi yetu ilikuwa kutoa mchele Bugarama na kuupandisha Kamembe. Gari lilikuwa zee lakini halikuwa na maringo. Mlima, matope, mzigo wa kupita kiasi, linapanda tu.

Siku hiyo asubuhi Saidi alijaza tangi kwa mabidon, yale madumu ya plastiki, aliyokuwa nayo nyumbani. Nilimuuliza mazutu hiyo ameitoa wapi.

"Kwa muntu moja wa Ruhwa, pale mpakani," akanijibu.

Sikuuliza zaidi. Wewe ungeuliza?

Tulipokuwa tunapanda kuelekea Gashonga, na mchele nyuma, gari likaanza kukohoa. Likatoa moshi mweupe, likakata nguvu, likazima. Nilijua ugonjwa wake kabla sijafungua boneti. Nililegeza skurubu ya chini ya filta, nikakinga chupa. Yalitoka maji, tena maji ya udongo, na mazutu kidogo ikielea juu yake. Nikamwaga, nikapampu kwa mkono mpaka hewa ikaisha, likawaka. Halikufika hata kwenye kona. Nikafungua tena: maji. Nikarudia tena na tena: maji. Wallahi, filta ile haizidi kikombe, lakini siku hiyo ilitoa maji ya kumwogesha mtu.

Hapo ndipo yule mtu alipotokea. Alikuwa anapanda kwa miguu kutoka chini, nguo zimemganda mwilini, mkono mmoja ameubana kifuani kama umevunjika. Nilidhani ni dereva mwenzetu aliyeharibikiwa huko nyuma. Alitusalimia kwa adabu.

"Papa, maji haitaisha," akaniambia. "Tosha mazutu yote, imwagike. Ufungue kwa chini."

Kabla sijamjibu alikuwa ameshaingia chini ya gari. Kile kizibo cha tangi mimi hukifungua kwa spana na matusi. Yeye alikizungusha kwa vidole. Mazutu ikamwagika usoni kwake, na hakufumba macho. Niliinama nimwambie asogee. Niamini ninachokwambia: mafuta yalikuwa yanaingia kinywani mwake na alikuwa anameza. Anameza taratibu, kama mtu aliyefunga anayefuturu. Barabara chini yake ilikuwa imelowa mvua tu. Hapakuwa na ile rangi rangi ambayo mafuta huacha kwenye maji. Hata tone halikufika chini.

Nilirudi nyuma nikamtazama Saidi, nikitaka aniambie kwamba naota. Alikuwa ameshikilia mlango wa gari kwa mikono miwili, midomo imegeuka majivu. Nikaona jambo moja lililonitisha kuliko yale ya chini ya gari: Saidi hakushangaa. Alikuwa anamfahamu.

Mtu yule akatoka, akajifuta kinywa kwa kiganja, akamtazama kaka yangu. Mimi nilikuwa kama sipo.

"Wewe nakujua," akamwambia. "Ulikuja na bidon ya manjano. Mi nilikuomba mukono."

"Si mimi," Saidi akasema.

"Bado bidon moja. Iko nyuma ya nyumba yako. Uniletee."

Akageuka, akashuka njia ile ile aliyopandia, akapotea kwenye kona. Wakati huo huo pikipiki ikatokea kwenye kona hiyo. Nikaisimamisha, nikamuuliza mwenye pikipiki kama amepishana na mtu aliyelowa.

"Hapana, Papa. Barabara iko tupu."

Nilimtuma akaniletee mazutu safi ya kituo cha mafuta. Alipoileta nikafunga kizibo, nikajaza, nikatoa hewa, na gari likawaka mara moja. Tulikwenda mwendo mrefu. Mwisho Saidi akaanza kusimulia mwenyewe, akiangalia kioo cha mbele.

Hakununua mazutu kwa mtu yeyote. Lori la mafuta lilikuwa limepinduka kule bondeni na kuangukia mtoni, nusu ndani ya maji. Watu walishuka na mabidon, naye akashuka nao. Dereva alikuwa hai. Usukani ulikuwa umembana, na mkono wake mmoja ulikuwa umetoka dirishani.

"Alikuwa ananiita, mudogo. Nikamwambia nakuja, nakuja. Nilitaka nijaze kwanza." Akafuta kioo kwa kiganja. "Niliporudia bidon ya pili, ule mukono haukuwa unatikisika."

Nimwambie nini kaka yangu? Nilimwambia bidon iliyobaki asiiguse. Tuipeleke pale pale kesho, tumwombee yule mtu dua, kisha tutafute ndugu zake. Akakubali. Aliapa kwa jina la mama yetu.

Lakini yaliyofuata nimeyasikia kwa Asha, mke wake. Aliniambia kwamba mumewe alikesha amekaa nyuma ya nyumba akiitazama ile bidon. Kulipopambazuka hofu ilikuwa imemtoka, ikabaki hasira. Akasema hawezi kuamrishwa na maiti. Maji yalikuwa yameshatulia chini, kwa hiyo akateka mazutu ya juu polepole, akaichuja kwa kitambaa, akaimimina kwenye gari. Akaondoka kwenda Bugarama bila kunigongea mlango.

Nilipigiwa simu jua likiwa limeshachomoza vizuri. Gari lilikuwa limesimama kwenye mlima ule ule, mlango wa dereva wazi. Saidi alikuwa amelala chini ya tangi, kizibo mkononi, kinywa kimejaa mazutu mpaka inafurika masikioni. Daktari alisema aliivuta mapafuni alipokuwa anasafisha tangi. Inawezekana. Lakini daktari hakuwepo pale. Mimi nilifika injini ikiwa inaunguruma. Nilichungulia tangi, kavu. Nilizungusha ufunguo kuzima, ikaendelea kuunguruma. Ilinyamaza tulipomvuta Saidi na kumtoa chini ya gari, wala si kabla.

Tulimzika siku hiyo hiyo. Waliomwosha walinieleza kwamba harufu haikutoka, sabuni waliyotumia yote ni bure.

Eda ilipokwisha, Asha aliniomba tufanye lile ambalo Saidi aliahidi. Tuliulizia kwa madereva mpaka tukapata kwao yule mtu, ng'ambo ya mpaka. Tulimkuta mama yake, mzee mdogo wa umbo, anachambua maharage. Nilimweleza yote, hata ile bidon ya manjano. Nilitegemea atatufukuza. Hakuinua sauti. Aliendelea kuchambua, kisha akaniuliza:

"Ulipomuona, alionekana ana njaa?"

Nikamdanganya. Nikasema, "Hapana, Maman. Alikuwa amechoka tu."

Sijaendesha gari tangu siku hiyo. Kamioneti liko uani, majani yameota kwenye magurudumu, na kila anayekuja kulinunua akifungua kifuniko cha tangi hukirudisha na kuondoka bila kusema sababu.

Wewe unayeendesha gari la zamani, ukiuziwa mazutu ya bei rahisi, itie kwanza kwenye chupa nyeupe uiangalie. Ukiona maji ya udongo chini yake, usiyachuje. Uliza yametoka mto gani, na nani alikuwa ndani ya mto huo.