Mikate Tumboni mwa Kondoo

Shemeji yangu simpendi, na sitajitia kumpenda kwa ajili ya kusimulia. Mtaa mzima unamwita Bwana Kondoo, naye huliitikia jina hilo kifua mbele, ilhali hata ndoo ya chakula hajawahi kuinyanyua.

Mfugaji hasa ni mdogo wangu, mkewe. Mjini nyasi hakuna, kwa hiyo kondoo anawalisha mabaki. Huzunguka migahawani kukusanya maganda ya muhogo, akayaanika mpaka yakauke kabisa kwa sababu mabichi yana sumu, kisha akayachanganya na pumba. Chakula kigeni huwaonjesha kidogo kidogo, matumbo yazoee. Wakinona, sifa anabeba bwana.

Juzi mchinjaji wa nyuma ya soko, mteja wao wa pekee, alitaka madume wote wanne. Shemeji akawaona wembamba. Mdogo wangu alipokwenda kliniki, bwana akaleta gunia la mikate iliyolala, akawamwagia yote kwa mkupuo. Wakaifakamia. Kulipokucha wawili walikuwa wamekufa, matumbo yamevimba.

Mchinjaji alipofika, shemeji hakuona haya. "Huyu mwanamke kawapa maganda mabichi. Nimemwambia mara ngapi? Uzembe tu."

Mchinjaji alikuwa akimtazama mdogo wangu kwa jicho la mtu anayetafuta mfugaji mwingine, na bila mteja huyo zizi lile lingekuwa limekwisha. Mdogo wangu alichukua kisu akapasua tumbo la dume mkubwa mbele yetu. Ukamwagika uji mweupe unaonuka chachu, pamoja na vipande vya mkate. Maganda hayakuwemo.

"Basi, bahati mbaya," shemeji akasema.

Yaani kosa lake ni bahati mbaya, alilomsingizia mkewe ndio uzembe. Nilitamani kumzaba kofi.

Mdogo wangu alinawa mikono, akachukua ndoo, akafungua zizi. Shemeji akaziba njia.

"Kondoo ni wangu. Ukiondoka, ondoka peke yako."

Akawaita, akapiga makofi, akapiga mluzi. Wale wawili waliobaki walimpita huku na huku, wakaifuata ndoo.

Mchinjaji hakumgeukia hata kidogo. Alimuuliza mdogo wangu, "Wakishanona, nije kuwachukulia wapi?"

"Kwa dada yangu huyu."